Ndege wa Mgunda Mkali

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikiogopa kipande cha nchi kati ya Ugogo na Unyamwezi, kikaitwa Mgunda Mkali. Maji yalikuwa ya shida na vichaka viliibana njia. Wapelelezi Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Siku hizi Reli ya Kati inakatiza humohumo, na abiria anayechungulia dirishani karibu na Itigi haoni cha kumfanya ashuke: vijiti vya kijivu, mchanga, vumbi. Mimi nasema ufundi wa kutazama ndege unafundishwa hapo, si kwenye ziwa Singidani ambako heroe husimama wazi majini wakimngoja hata mvivu.

Kichaka cha Itigi kimefumana tangu chini. Urefu wake ni kama mita 3 hadi 5 tu, lakini hupenyi bila panga, na jicho haliendi mbali. Majani hupukutika kiangazi, yakachipua mvua zikianza, Novemba au Desemba. Humo ndani darubini ni mzigo wa shingo. Kazi hufanywa na sikio, na sikio lina adui wake, yaani upepo, ambao mkoa huu wa Singida hauna uhaba nao.

Siku ya upepo wengi hukata tamaa. Fundi anaendelea, maana anajua ndege wadogo wameshahama upande unaopigwa, wamejibanza nyuma ya kichaka karibu na ardhi. Anajua pia kwamba ndege aliyetua huukabili upepo ili manyoya yake yasifumuliwe. Ukimjia kutoka nyuma utaambulia mgongo na mkia, na mara nyingi jina la ndege limo kifuani. Basi unazunguka, taratibu, huku miiba ikikushika shati. Anayeufurahia upepo waziwazi ni tai pungu, mwenye mkia mfupi kiasi cha kudhani umekatwa, anayepita juu akiyumba kushoto na kulia bila kupiga bawa.

Tumezoea kudhani ufundi huu ni wa watalii wenye kofia pana. Mtoto anayeamia uwele juu ya dungu, kombeo mkononi, hutofautisha kundi la kwelea na wingu la vumbi kabla mtu mzima hajainua kichwa. Asipofanya hivyo, chakula cha mwaka kimekwenda. Na warina asali wa huku, Wakimbu na majirani zao, wanaye mwalimu wao: mlembe, ndege anayewaongoza hadi kwenye nyuki.

Kwa sura mlembe si kitu, kahawia iliyochujuka tu. Lakini akimwona mtu humwita kwa sauti ya kiberiti kinachotikiswa, kisha huruka mbele akitandaza mkia ili weupe wa pembeni uonekane, hutua, huita tena. Ukichelewa anarudi kukufuata. Mwaka 1989 Hussein Isack wa Kenya na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha vipimo vyao kutoka kwa warina wa Kiborana: bila ndege, mrina alitumia wastani wa karibu saa 9 kupata nyuki, akiongozwa, saa 3 na dakika chache. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Brian Wood wakaonyesha kwamba mlembe naye huchagua wa kumsikiliza. Wahadzabe, upande wa ziwa Eyasi, humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno. Kwa Wahadzabe, mluzi wa kwao ulimleta ndege zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao.

Hajafundishwa hayo na mama yake. Mlembe hutaga katika viota vya wengine, hata kwenye shimo la keremkerem, yule mla nyuki anayelaaniwa na kila mwenye mizinga. Kinda huanguliwa kipofu, mdomo una ndoana, na katika giza la shimo huwaua makinda wa mwenye nyumba. Sijaamua nimpende au nimchukie. Ila nikimsikia, namwacha ndege mwingine yeyote.

Yote hayo huandikwa: saa, mahali, upepo ulikotoka. Atlasi ya Ndege wa Tanzania, kazi ya Neil na Liz Baker, imejengwa kwa kumbukumbu za namna hiyo, zikiwemo za watu waliokuwa safarini kwa shughuli nyingine. Mstari mmoja kutoka kituo cha Itigi, treni ikichelewa, nao una kazi yake.

Kuna ubishi kuhusu malipo ya mlembe. Wengi humwachia kipande cha sega, kwa kuwa nta ndiyo anayoitaka. Wahadzabe mara nyingi huyazika au kuyachoma masega yaliyobaki, ndege asije akashiba na kuacha kazi. Kwangu, mkorofi kuliko wote ni mwenye darubini anayemwitikia mlembe, akafuata hadi kwenye mti, akapiga picha, akaondoka. Hana shoka wala moto. Amemtembeza mwenzake bure. Nisipokuwa na mrina pembeni siitikii, hata akiita mpaka achoke.