Kodi Hulipwa Lini? Swali la Ukodishaji Hatua kwa Hatua

Tuchukue swali la aina wanayoipenda watunzi wa mitihani ya uhasibu. Kampuni imepanga duka kwa miaka 4. Kodi ni shilingi 10,000,000 kwa mwaka, na hulipwa mwanzoni mwa kila mwaka, kama wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam wanavyodai. Dalali kachukua chake, 1,000,000. Kampuni ingekwenda benki kukopa, ingetozwa riba ya asilimia 10. Andika hesabu za mwaka wa kwanza.

Zamani hili lilikuwa mteremko: kodi iliingia kwenye matumizi ya mwaka, basi. Kiwango cha uhasibu IFRS 16, kilichoanza kutumika Januari 1, 2019 badala ya IAS 17, kinamtaka mpangaji aonyeshe kwenye mizania deni la kodi zijazo, na pia mali, yaani haki ya kulitumia duka. Deni hutafutwa kwanza, maana mali hujengwa juu yake.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Wanaona miaka 4 na asilimia 10, wanafungua jedwali, wanachukua 3.170 na kuzidisha. Wanapata 31,700,000, na kila mstari unaofuata umeshaharibika. Kizidisho hicho ni cha malipo ya mwisho wa mwaka. Hapa kodi ya kwanza inatoka siku ileile mkataba unapoanza, na ikishalipwa si deni tena. Yamebaki malipo matatu, yaliyo mbele kwa mwaka 1, 2 na 3. Jedwali liache kwanza. Gawanya 10,000,000 kwa 1.1, upate 9,090,909; kwa 1.21, upate 8,264,463, kwa 1.331, upate 7,513,148. Jumla ni 24,868,520. Hilo ndilo deni.

Mali ni deni hilo, ukiongeza kodi iliyokwisha kulipwa na fedha ya dalali: 35,868,520. Debiti mali kwa kiasi hicho, krediti deni 24,868,520 na benki 11,000,000. Uchakavu wa mali kwa miaka 4 ni 8,967,130 kila mwaka.

Riba ya mwaka wa kwanza ni asilimia 10 ya deni, 2,486,852, hivyo mwaka unafungwa deni likiwa 27,355,372. Limekua, na mwanafunzi huingiwa na wasiwasi kwamba amekosea. Hajakosea: tangu siku ya kwanza kampuni haijalipa kitu kingine. Kesho yake itatoa 10,000,000, libaki 17,355,372, na riba ya mwaka wa pili itahesabiwa juu ya hilo. Mwaka wa tatu riba ni 909,091. Mwaka wa nne hakuna riba kabisa, kwa sababu kodi ya mwisho hulipwa unapoanza.

Kuna njia ya kujikagua ambayo sioni ikitumiwa vya kutosha. Jumlisha uchakavu wote, 35,868,520, na riba zote, 5,131,480. Utapata 41,000,000 kamili: kodi nne na dalali. Isipofika hapo, kosa limo ndani, hata karatasi iwe safi namna gani. Kiwango kipya hakikubadilisha jumla. Kilisogeza matumizi tu, mwaka wa kwanza ukabeba 11,453,982 na wa nne 8,967,130.

Kuligawa deni la kufungia mwaka nako kuna mtego. Malipo yakiwa ya mwanzoni, sehemu ya kulipwa ndani ya miezi 12 ni 10,000,000 nzima, na 17,355,372 ni ya muda mrefu. Yangekuwa ya mwishoni, ungelazimika kwanza kukokotoa salio la mwaka unaofuata.

Mtunzi mkorofi anaweza kuandika kwamba mkataba ni wa mwaka 1, mpangaji akiwa na haki ya kuuongeza mara tatu. Aliyekariri atakimbilia nafuu ya mikataba isiyozidi miezi 12 na kuandika kodi kama matumizi. Lakini kama duka limeshawekwa samani za gharama na kampuni ina hakika ya kutosha kwamba itabaki, muda wa mkataba ni miaka 4, na hesabu zote hapo juu zinarudi vilevile.