Lugha ya Nani? Falsafa ya Elimu ya Kibuddha na Darasa la Kilwa

Falsafa ya elimu ya Kibuddha hutajwa mara nyingi kwa hotuba moja tu, ile waliyopewa Wakalama wa Kesaputta na kuhifadhiwa katika Anguttara Nikaya. Humo Buddha anawaonya wasikilizaji wasilikubali jambo kwa sababu ya mapokeo, maandiko au heshima ya mwalimu, bali walipime kwa matunda yake: je, linaongeza au linapunguza tamaa, chuki na upumbavu? Wanaoishia hapo humfanya Buddha mtetezi wa uhuru wa mwanafunzi, lakini husahau sharti moja: hakuna awezaye kulipima neno asilolielewa. Hivyo swali la elimu halitenganiki na swali la lugha, na juu ya hilo mapokeo ya Kibuddha hayana kauli moja.

Ushahidi umo katika Vinaya, sehemu iitwayo Cullavagga. Watawa wawili wa uzao wa Kibrahmani walilalamika kwamba watawa wa koo na matabaka mbalimbali walikuwa wakiliharibu neno la Buddha kwa semi zao. Wakaomba kulitia neno hilo katika chandas, usemi wa mizani wa Veda. Buddha aliwakemea, akakataza jambo hilo, kisha akaruhusu neno lake lisomwe kwa nirutti, yaani usemi, wa mwenyewe. Mwenyewe yupi? Buddhaghosa, mfafanuzi mkuu wa karne ya 5 nchini Sri Lanka, alijibu kwamba ni Buddha. Usemi unaokusudiwa ni ule wa Magadha. Rhys Davids na Oldenberg, katika tafsiri yao ya Kiingereza ya mwaka 1885, walielewa kuwa ni kila mwanafunzi kwa lahaja yake.

Kiswahili kinaujua utata huo. Ikisemwa kwamba Buddha alimruhusu kila mtawa ajifunze kwa lugha yake, kimilikishi -ake hakimtaji mwenye lugha. Mfasiri akiandika "lugha zao", amekwisha kumchagua mwanafunzi. Akiandika "lugha yake", ameliacha swali wazi.

Muktadha unaelekea kuunga mkono usomaji wa pili, kwani malalamiko yalihusu wingi wa semi, na waliokemewa ni walalamikaji. Hata hivyo, hoja ya Buddhaghosa haifai kudharauliwa. Neno likisemwa na kila mtu apendavyo, nani atajua limebaki lile lile? Hofu hiyo ndiyo iliyoshinda katika historia. Huko Sri Lanka, Burma na Thailand, Kipali kiligeuka lugha ya kukaririwa na wanagenzi ambao nyumbani hawaisemi. Mapokeo yaliyoikataa chandas yalijitengenezea chandas yao. Wala jambo hili haliko mbali na Afrika Mashariki: tangu mtawa Buddharakkhita aanzishe kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe mwaka 2005, swali la lugha ya mafundisho limefika kandokando ya Ziwa Victoria.

Kipimo kizuri cha falsafa hii, lakini, ni darasa lisilo la Kibuddha kabisa. Kilwa, si ile ya pwani ya Tanzania bali ile ya Katanga ya Juu kwenye ukingo wa Ziwa Mweru, watoto hukua wakisikia Kibemba na lugha jirani zake pamoja na Kiswahili cha Katanga. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inatamka kwamba Kifaransa ni lugha ya kufundishia, na papo hapo inazikubali lugha za taifa na za mazingira kuwa vyombo vya kufundishia na masomo. Hapa pia mwenye lugha anabaki wazi.

Watetezi wa Kiswahili hudhani kwamba swali limekwisha pindi Kifaransa kinapopisha. Sivyo. Mtoto wa Katanga husema mutoto na mayi. Huenda ku masomo, yaani shuleni. Na baba yake akitumika, maana yake anafanya kazi. Mwalimu anayeleta kitabu cha Kiswahili sanifu na kuyasahihisha hayo yote kama uchafu anarudia shauri la wale watawa wawili, japo kwa jina la lugha ya Kiafrika. Analinda neno dhidi ya mwanafunzi.

Lakini mwalimu anayemwacha mtoto na usemi wa nyumbani peke yake hamtendei haki pia, kwa kuwa Mtihani wa Taifa na chuo kikuu vinamngoja kwa Kifaransa. Mfano wa chelezo katika Majjhima Nikaya unafaa hapa: chelezo ni cha kuvukia, si cha kubebwa kichwani baada ya kufika ng'ambo. Kifaransa na Kiswahili sanifu ni vyelezo. Kosa la shule ni kuvifanya ng'ambo yenyewe, na kumhesabu mtoto kuwa ameelimika kwa kuwa amevishika tu.

Kwa hiyo thamani ya falsafa hii kwa walimu haimo katika sifa za uhuru zinazorudiwa daima, bali katika sharti linalotokana na kuzisoma hotuba ya Wakalama na Cullavagga kwa pamoja. Katika kila somo iwepo lugha moja ambayo mwanafunzi anaweza kumpinga mwalimu kwayo. Kilwa lugha hiyo ipo. Hufika shuleni kila asubuhi pamoja na watoto, na mara nyingi huambiwa isubiri nje.