Jina la Mrithi Kwenye Ombi la Kibali

Mtu wa Likunja akitaka kumwona mgeni aliyeletwa kufanya kazi wilayani Ruangwa ana sehemu mbili za kwenda: kwenye mgodi wa kinywe wa Lindi Jumbo kule Matambarale, au Uwanja wa Majaliwa siku Namungo FC wanapocheza. Fundi wa mtambo na mshambuliaji hawafanani kwa lolote, ila wote wawili wako chini ya sheria moja, na anayewaombea kibali ni mwajiri.

Sheria yenyewe ni ile ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Kabla yake, ruhusa za ajira kwa wageni zilitoka kwenye mamlaka zaidi ya moja, na mwombaji mjanja alijua mlango upi ni mwepesi. Sheria ikamkabidhi Kamishna wa Kazi mamlaka hayo. Uhamiaji wakabaki na kibali cha ukaazi, ambacho hufuata baada ya kibali cha kazi. Kibali cha kazi kimefungwa kwa mwajiri na kwa nafasi iliyoombewa. Fundi akihamia mgodi wa jirani, ombi linaanza upya.

Kuna njia fupi. Mtambo wa Matambarale ulitengenezwa na Jinpeng ya Yantai, China, na mitambo ya namna hiyo husafiri na watu wake. Anayekuja kufunga mashine na kuondoka anaweza kutumia viza ya biashara, ambayo mwisho wake ni siku 90. Shida ni kwamba kuwasha mtambo wa kuchenjua kuna tabia ya kuvuka ratiba. Siku ya 91 inamkuta fundi bado ameshika spana, na hapo mwajiri anakuwa amevunja sheria kwa jambo alilopaswa kuliona mapema.

Mwekezaji mwenye cheti cha uwekezaji naye ana nafuu: Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilimwongezea nafasi za awali za wageni kutoka 5 hadi 10. Kazi ya kujieleza inaanza hasa kwa mgeni wa 11.

Hapo Kamishna anataka aridhike na jambo moja: kwamba mwajiri alitafuta Mtanzania kwa dhati akamkosa. Vyeti vya mgeni, wasifu wake na mkataba ni viambatisho vya kawaida, na ni nadra ubishi uwe hapo. Tazama maelezo ya kazi. Yakidai uzoefu wa miaka 15 wa kuchenjua kinywe, katika nchi ambayo migodi yake mikubwa ya kinywe bado michanga, Mtanzania ameshakataliwa kabla tangazo halijatoka gazetini. Yakidai uzoefu wa kuchenjua madini kwa njia ya povu, mlango unafunguka kwa vijana waliofanya kazi kwenye migodi mingine ambako njia hiyo inatumika. Sentensi moja tu imebadilika.

Kisha kuna mpango wa urithishaji. Mwajiri anamtaja Mtanzania atakayeshika kiti, anaeleza atajifunza nini na kwa muda gani. Kwa migodi, Kanuni za Madini za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania zinataka mpango wa aina hiyo upelekwe pia Tume ya Madini. Ofisi mbili, mpango wa watu walewale. Kilichoandikwa huku kikipishana na kilichoandikwa kule, mwajiri atatakiwa aseme ni karatasi ipi anaifuata.

Nachingwea ya mradi wa karanga wa Waingereza, kati ya 1947 na 1951, haikuwa na mpango wa urithishaji. Overseas Food Corporation ilileta wageni wake, na hakuna sheria iliyoitaka imtaje mwenyeji atakayerithi kiti cha meneja. Hata reli ya mradi huo iling'olewa baadaye.

Kwa Namungo mambo ni tofauti, maana mrithi wa mshambuliaji haandikwi kwenye jedwali la miezi. Soka linatumia idadi: klabu ya Ligi Kuu haiwezi kusajili zaidi ya wageni 12. Ni kanuni butu, haiulizi kama Mtanzania yupo, ila utekelezaji wake unaonekana na kila aliyekaa jukwaani. Mpango wa mgodi ni wa akili zaidi, lakini unakaa ndani ya faili.

Aprili 2021 Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na pia mbunge wa Ruangwa, alizindua mfumo wa kielektroniki wa vibali vya kazi. Safari za kubeba mafaili zimepungua, na kiambatisho kinachokosekana kinaonekana mara moja. Ila mfumo hauwezi kujua kama aliyetajwa kuwa mrithi kweli anafundishwa au anaendesha gari la bosi.

Swali hilo linarudi wakati wa kuhuisha, kwa kuwa kibali hakizidi miezi 24 kwa mara moja. Mara nyingi jibu ni kwamba mrithi ameondoka, kapata mshahara mnono kwingine, na mpango unaanza tena mwezi wa kwanza. Ningekuwa ninaandaa ombi la Ruangwa, ningeandika warithi wawili kwa kila nafasi, mmoja wao mhitimu wa VETA mwenye kwao wilayani, na ningeambatisha mikataba yao ya ajira pamoja na wa mgeni.