Alama za Vikosi vya Ndege za Vita na Wasikilizaji Wake

Alama ya kikosi ni kauli fupi. Rangi ni maneno yake, na umbo ni sarufi yake. Walakini wengi waandikao juu ya alama za ndege za vita huzitazama kama mapambo tu: huhesabu simba, tai na mafuvu, wakasifu mkono wa mchoraji, wakaishia hapo. Swali lililo kubwa zaidi huachwa bila ya kuulizwa, nalo ni hili: kauli hiyo huambiwa nani? Jibu la swali hili limegeuka mara nyingi tangu Vita Kuu vya Kwanza, na kugeuka kwake ndiyo historia ya kweli ya alama hizo.

Hapo mwanzo alama ilikuwa mali ya mtu. Francesco Baracca wa Italia, aliyetoka katika jeshi la wapanda farasi, alichora ubavuni mwa ndege yake farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Manfred von Richthofen wa Ujerumani aliipaka yake rangi nyekundu. Wote wawili walikufa vitani mwaka 1918. Ndege nyekundu ilitaka kuonekana. Ilikuwa majigambo ya shujaa ajitajaye jina uwanjani kabla ya pigano, kama wafanyavyo mashujaa wa tenzi. Aliyeambiwa ni adui. Lakini farasi wa Baracca aliishi kuliko bwana wake: alihamia kwa Enzo Ferrari, na leo wengi humjua kwa motakaa za mashindano wasijue kuwa alipata kwenda vitani. Alama, basi, haimtii daima aliyeibuni.

Baadaye serikali iliingia kati. Mwaka 1936 Uingereza iliweka utaratibu wa kuzikagua alama za vikosi vya Jeshi la Hewa, kuzitia katika duara moja lenye taji, na kuzipeleka kwa Mfalme azikubali. Lililokuwa mzaha wa marubani likawa hati. Miaka miwili tu baadaye, hofu ya vita ilipozidi, ndege zilizong'aa kwa rangi ya fedha zilipakwa rangi za majani na udongo, na michoro ya vikosi ikaziachia nafasi herufi tupu. Hivyo alama iliyotukuzwa katika karatasi ilifichwa angani.

Katika utaratibu huo Kiswahili nacho kilipata fungu lake. Kikosi namba 259, kilichoundwa upya Kipevu, Mombasa, mwaka 1943, kikatumia ndege za majini za Catalina juu ya Bahari ya Hindi, kilichukua wito usemao: "Haya ingia napigane." Mwenye lugha atatabasamu, kwa kuwa "napigane" ni kiunganishi kilichogandamana na kitenzi kilichopotelewa na kiambishi cha nafsi, usanifu ungedai "ingia upigane." Walakini kosa la sarufi ni dogo kuliko fumbo la msemaji. "Haya" ni neno la mama amhimizaye mtoto, na pia ni neno la msimamizi awahimizaye vibarua. Katika wito huu anayeamrisha hajulikani, na anayeamrishwa hajatajwa. Adui hakuwa msemaji wa Kiswahili. Basi kauli ilitolewa kwa lugha ya pwani, lakini watu wa pwani waliazimwa maneno tu, hawakuulizwa neno.

Vita hivyo vya pili vilifunza pia kwamba msikilizaji hachaguliwi. Kinywa cha papa kilichochorwa katika ndege za kikosi cha Kijerumani ZG 76 kiliigwa na kikosi cha Kiingereza namba 112 katika Afrika ya Kaskazini, na mwaka 1941 kikaigwa tena na Wamarekani waliojitolea kupigana upande wa China. Tishio la adui likawa pambo la mpinzani wake. Mfano mwingine ni mchungu zaidi. Mwaka 1943 mrusha mabomu wa Kimarekani alitekwa Ujerumani akiwa amevaa koti lenye jina la ndege yake, "Murder Inc.," yaani kampuni ya mauaji. Kwa wenzake jina lile lilikuwa dhihaka. Magazeti ya Kijerumani yalilichapa kama ungamo. Neno halikubadilika hata herufi moja: lilibadilika sikio.

Tangu miaka ya 1980 ndege za manowari za Marekani zimepakwa kijivu, na alama zao zimefifizwa. Desturi ikabaki kuiachia ndege moja ya kila kikosi rangi zake kamili. Mwaka 2007 wizara ya ulinzi ya Uingereza iliagiza michoro ya wanawake nusu uchi ifutwe katika ndege. Wapo wanaosikitika kwamba fahari inauawa. Hoja yao haifai kudharauliwa: mtu anayekwenda mahali asipoweza kurudi huhitaji kitu cha kumwambia kuwa yeye si namba, na mchoro mbaya umewahi kumfaa askari kuliko hotuba nzuri. Lakini hoja hiyo inawahesabu walio ndani ya ndege peke yao. Wanawake waliovaa sare ile ile walikuwa ndani ya jeshi pia, na mchoro uliwasema bila ya kuwasemesha.

Kwa hiyo rangi ya kijivu haikuiua fahari, imeigeuza uso. Alama iliyomwambia adui "nione" leo huwaambia wenzi "tukumbukane," ikashonwa begani na kutundikwa ukutani. Mhakiki aipimaye kwa uzuri wa mchoro hupima nusu. Nusu ya pili imo katika sikio la yule asiyekusudiwa: mateka, mwenye lugha iliyoazimwa, na mtu aliye chini ambaye ndege hupita juu yake. Huyo wa mwisho haoni simba wala tai. Husikia mngurumo tu, na hiyo ndiyo tafsiri yake ya alama.