Ufundi wa Tope Kisimani

Kuchoronga kisima cha mafuta au gesi ni kazi ya kupima uzito. Mafuta na gesi hukaa katika vitundu vya mwamba, yamebanwa chini ya matabaka mengi. Keekee inapoutoboa mwamba huo, kinachoyazuia yasifoke ni tope lililojaa kisimani: kimiminika kilichochanganywa na udongo laini na unga wa baraiti, madini mazito mara nne na zaidi ya maji. Tope likiwa jepesi, gesi huingia. Likizidi uzito, mwamba hupasuka na tope hupotelea humo. Fundi hufanya kazi kati ya mipaka hiyo miwili.

Nchi kavu, kama katika Bonde la Eyasi Wembere, jirani na Yaeda Chini, ambako Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania limekuwa likitafuta mafuta, kisima huanza kukutana na udongo na mwamba tangu juu. Baharini, katika eneo la Zafarani, mbele ya pwani ya Lindi, kisima kilichochorongwa mwaka 2012 kilianzia chini ya maji ya kina cha mita 2,500 hivi. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa ya ufukweni. Kwenye sakafu ya bahari pale hufika takriban mara 250 ya ule wa hewa. Hata hivyo, maji ni mepesi kuliko mwamba, hivyo miamba iliyo chini yake hupasuka kwa urahisi zaidi, na nafasi ya fundi hupungua.

Fundi hujaza tope kwenye kikombe cha mizani na kusogeza kipimo hadi mkono ulale sawa. Kisha hulimimina kwenye faneli na kuhesabu sekunde: robo galoni ya maji safi hushuka kwa sekunde 26, tope huchelewa. Matangi nayo huangaliwa saa zote. Tope linalorudi likizidi lililoingizwa, kuna kinacholisukuma kutoka chini. Gesi hutanuka kadiri inavyopanda, kwa hiyo kisima hufungwa mapema kwa vali kubwa za mdomoni mwa kisima, halafu tope zito zaidi huingizwa taratibu.

Hatari ya kukosa tope ilionekana Aprili 20, 2010, katika kisima cha Macondo, Ghuba ya Mexico: tope liliondolewa na mahali pake kuwekwa maji ya bahari baada ya jaribio la mgandamizo kusomwa vibaya. Mtambo wa kuchoronga, Deepwater Horizon, ulilipuka, watu 11 wakafa, mafuta yakavuja siku 87. Uvujaji hufuata tofauti ya mgandamizo wa ndani na wa nje. Maji ya kina cha mita 1,500 yaliupunguza uvujaji huo, hayakuuzuia. Kifuniko kilizuia mafuta mwezi Julai. Agosti, tope zito lililosukumwa kutoka juu ndilo lililokituliza kisima, kisha saruji ikafuata.