Somo la Kuosha Mguu

Mafunzo ya kujihudumia kwa wagonjwa wa matende yanaonekana mepesi kwa anayeyatazama kwa mbali: sabuni, maji, kitambaa, basi. Nani asiyejua kuosha mguu? Lakini pale Mwaya, kwenye tambarare ya Kyela ambako mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha maji ya milima ya Rungwe mpaka Ziwa Nyasa, nimemtazama muuguzi akiyaandaa mafunzo hayo tangu karatasi ikiwa tupu. Tangu hapo siwezi kusikia ushauri wa sentensi moja zahanati bila kujiuliza sentensi hiyo imechukua muda gani kufupishwa.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Matende huletwa na minyoo wembamba wanaoenezwa na mbu. Minyoo wakubwa hukaa miaka kwenye mishipa ya limfu, na watoto wao hujitokeza kwenye damu usiku, saa ambayo mbu wanauma. Mishipa ikiharibika, maji ya mwili hukwama mguuni na mguu unavimba. Kyela inaufahamu ugonjwa huu kwa muda mrefu, kwa sababu ya joto la kando ya ziwa, maji yaliyotuama na majaruba ya mpunga yanayofika hadi uani. Ni hapa Kyela ambako watafiti wa Mbeya, wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa Munich, waliwafuatilia wakazi kati ya 2006 na 2011. Matokeo yao yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba wenye minyoo hao walipata maambukizi ya VVU kwa takriban mara mbili ya wasiokuwa nao.

Mpango wa taifa wa kuyatokomeza matende na mabusha ulianzia kisiwa cha Mafia mwaka 2000, ukiongozwa na Dkt. Mwele Malecela, aliyekuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa taasisi ile ya utafiti na baadaye akasimamia magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi ilithibitishwa mwaka 2020 kuwa imeyaondoa matende kama tatizo la afya ya jamii. Hayo ni mafanikio makubwa ya kingatiba, yaani dawa zinazogawiwa kwa jamii nzima. Ila kingatiba huzuia minyoo wasiende kwa mtu mwingine. Mguu uliokwisha kuvimba haiurudishi. Mwenye mguu huo atabaki nao, na kinachomtesa zaidi ni homa za ghafla: mguu unawaka, unakuwa mwekundu, mtu analala siku kadhaa bila kwenda shamba. Mwanzo wa homa hizo ni bakteria wanaopenya kwenye nyufa ndogo za ngozi, hasa katikati ya vidole, na kila homa inaacha mguu mnene zaidi. Huko Recife, Brazili, katika miaka ya 1990, daktari Gerusa Dreyer na wenzake walionyesha kwamba usafi wa kila siku na matunzo ya ngozi hupunguza homa hizo. Kwa hiyo tiba iko nyumbani, mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, kwa maisha yake yote. Zahanati inachoweza kumpa ni somo, na somo hilo lazima liandaliwe na mtu.

Muuguzi wa Mwaya hakuanza kwa kuandika. Alianza kwa kukaa kwenye mkeka na wagonjwa wachache, bila daftari mkononi, akawaomba kila mmoja asimulie siku ya jana tangu alipoamka. Hakuuliza wanajua nini kuhusu matende. Alitaka kujua maji yalitoka wapi, nani aliyachota, yalimwagwa wapi, mtu alioga akiwa amesimama au ameketi, taulo lilikuwa la nani, viatu vilikuwa vya aina gani. Mazungumzo yalikwenda polepole, yakapita kwenye bei ya kakao na msiba wa jirani, naye hakuyakatiza. Wagonjwa walipoondoka ndipo alipofungua daftari. Akaandika kwamba bafu nyingi za uani hazina pa kuketi, na kwamba bibi mmoja hafiki vidole vyake kwa kuinama. Akaandika pia kwamba wakati wa kupandikiza mpunga wanawake hurudi gizani, miguu ikiwa imeshinda kwenye tope. Hakuna kitabu kilichochapwa mbali ambacho kingemwambia hayo.

Hatua ya pili ndiyo iliyonishika zaidi. Alipanga vitu kwenye kivuli cha mgomba: kigoda, beseni, ndoo ya maji safi, kata, mche wa sabuni, vitambaa viwili vya pamba. Akaketi, akaosha mguu wake mwenyewe taratibu sana, huku mwenzake akiandika kila tendo. Kuangalia ngozi kwanza, kwa macho na kwa kidole, kwenye mikunjo na nyayo. Kugusa maji kuhakikisha si ya moto. Kulowesha. Kupaka sabuni kuanzia juu ya uvimbe kushuka chini, kwa kiganja, bila brashi wala dodoki, kwa kuwa mkwaruzo ni mlango. Kuingiza kidole kwenye kila mkunjo. Kupita katikati ya vidole, kimoja baada ya kingine. Kusuuza, kumwaga, kusuuza tena mpaka maji yawe meupe. Kukausha kwa kugandamiza kitambaa badala ya kusugua. Kisha kona ya kitambaa cha pili, iliyosokotwa nyembamba, kupita tena kati ya vidole. Mwisho dawa ya kupaka pale penye ufa.

Orodha ilijaa ukurasa. Akaisoma akiwa na penseli, akiuliza kwenye kila mstari: mtu akiruka hapa, nini kitatokea? Mistari mingi ilifutwa, kwa sababu mtu yeyote huifanya bila kuambiwa. Pale kwenye kukausha katikati ya vidole alipigia mstari mara mbili. Unyevu ukibaki pale, fangasi huota, ngozi hupasuka, na kazi yote ya juu imekuwa bure. Akaamua tendo hilo moja lipewe muda mrefu kuliko mengine yote ya siku ya kwanza.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu lilihitaji ushujaa. Aliondoa minyoo kwenye somo la kwanza. Sisi tuliosoma tumezoea kuanza na mbu, kisha mnyoo, kisha mishipa, maana ndivyo tulivyofundishwa darasani. Yeye aliona kwamba mtu aliyekuja na mguu unaouma anataka kuondoka siku hiyo na kitu cha kufanya jioni. Tena wapo wanaoamini walikanyaga dawa waliyotegewa njiani, na kuwabishia siku ya kwanza ni kuwapoteza. Habari za mbu na minyoo akazisogeza mbele, baada ya wiki ambazo mgonjwa atakuwa ameona mwenyewe ngozi ikilainika na harufu ikiisha. Hapo swali la chanzo linaulizwa na mgonjwa, na jibu linapata masikio.

Michoro ya bango kitita ilirudiwa zaidi ya mara moja. Wa kwanza ulionyesha mguu peke yake, kuanzia goti, mkubwa na safi. Wagonjwa walipoonyeshwa waliuliza huyu mtu alikatwa mguu kwa sababu gani. Mchoraji hakujitetea, wala muuguzi hakuwaeleza maana ya picha. Uliofuata ulikuwa na mama mzima, ameketi kwenye kigoda, kitenge amekikunja juu ya magoti, beseni mbele yake. Huo ulieleweka bila neno.

Mpangilio wa wiki aliuazima kwa Kate Lorig, wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 alijenga mafunzo ya namna hii, kwanza kwa wagonjwa wa baridi yabisi na baadaye kwa magonjwa mengine ya kudumu. Mafunzo yake huchukua wiki sita, saa mbili na nusu kwa wiki, na huongozwa na watu wawili ambao mara nyingi wanaishi na ugonjwa wenyewe. Uti wa mgongo wake ni mpango mdogo ambao kila mshiriki anajiwekea: nitafanya nini, kiasi gani, lini, siku ngapi. Kisha anapima uhakika wake, kuanzia sifuri mpaka kumi. Ukipungua saba, ni mpango unaobadilishwa, na mtu hakemewi.

Pale Mwaya kipimo hicho kimekuwa punje kumi za mahindi juu ya mkeka. Anayepanga anasogeza mbele punje za uhakika wake. Nilikuwapo bibi mmoja alipopanga kuosha mguu kila siku, akasogeza punje nne.

"Sita hizi zimebakizwa na nini, bibi?"

"Sabuni, sista. Mche ukiingia nyumbani unaishia kwenye sare za wajukuu."

Muuguzi hakujibu. Alikaa kimya mpaka kimya kikawa kirefu, na mimi niliyekuwa nyuma nikatamani kusema chochote. Mama mwingine ndiye aliyeongea. Yeye, siku mche unaponunuliwa, hukata kipande cha upana wa vidole viwili kabla haujagusa maji, akakiweka kwenye kopo lake juu ya kenchi, na hakuna anayekigusa. Bibi akafikiri, akasema ataanza na siku tatu kwa wiki, akataja siku zenyewe. Akasogeza punje nne nyingine. "Ndaga fijo," akamshukuru yule mama kwa Kinyakyusa, si muuguzi. Jioni ile kopo la kwenye kenchi liliandikwa kwenye kitini cha waelekezaji, katika somo la pili.

Nilielewa hapo kwamba ile subira ya kukaa kimya ilikuwa sehemu ya ufundi, imepangwa kama sabuni ilivyopangwa. Katika kitini kuna sehemu imeandikwa tu: subiri. Waelekezaji, ambao wote wawili wana matende, walifanyishwa mazoezi ya kusubiri. Mmoja, baba mtu mzima aliyezoea kusema kanisani, alishindwa mwanzoni. Swali likitoka tu, jibu lilifuata kinywani mwake mwenyewe. Muuguzi aliketi nyuma na penseli, akiweka alama kila mahali sauti ilipotangulia mikono. Alimfanya afundishe kukausha vidole bila kusema neno, kwa kuonyesha tu, kisha mshiriki arudie kwenye mguu wake mwenyewe. Walirudia mpaka alama zikaisha. Leo baba yule ndiye mwelekezaji bora kati ya wawili hao, na wagonjwa wanamwita mwalimu.

Masomo mengine yalipita haraka: mazoezi ya kuzungusha kifundo na kusimama kwa vidole, viatu vipana visivyobana. Somo la kunyanyua mguu lilihitaji kurekebishwa, kwani kitini cha awali kilisema inua kitanda upande wa miguu kwa matofali, na baadhi ya washiriki hulala chini. Badala yake likaja gunia dogo lililojazwa pumba za mpunga, linalowekwa chini ya mkeka upande wa miguu. Pumba hazinunuliwi Kyela. Somo la homa nalo lilipata mtungi wa Wakisi, wale wafinyanzi wa Ikombe ng'ambo ya Matema, ambao vyungu vyao vimefika masoko haya kwa mitumbwi vizazi na vizazi. Maji ya mtungini ni ya baridi, na kitambaa kilicholoweshwa humo hupoza mguu unaowaka. Mtu apumzike, anywe maji mengi, aache mazoezi, aende zahanati kwa dawa. Asichanje, asikande kwa maji ya moto, asipake majani. Makatazo ni hayo matatu tu. Kulikuwa na mengi zaidi, yakapunguzwa, kwa sababu mtu mwenye homa hakumbuki orodha.

Kila mshiriki ana kadi ya kuchora alama siku ya homa na siku ya kuosha, na utepe wa kupima mguu hutumika mahali palepale kila mwezi, chini ya goti na juu ya kifundo. Kadi hizo muuguzi huzisoma akitafuta makosa ya somo. Alama za kuosha zikipungua kwa watu wengi wiki moja, hamuiti mtu. Anarudi kwenye kitini kuangalia wiki hiyo ilifundisha nini, na mvua ilikuwaje. Ndivyo somo la mafuriko lilivyohamishwa kutoka mwisho hadi mwanzo, likaongezewa namna ya kuhifadhi ndoo moja ya maji safi ya kuoshea miguu mara mtu atokapo kwenye tope.

Karibuni wagonjwa wa kisukari wameomba kuingia kwenye mafunzo hayo, na wengi wangesema waingizwe tu, miguu ni miguu. Muuguzi anaijua kazi ya Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, ambaye aliendesha mafunzo ya hatua kwa hatua ya kuokoa miguu ya wenye kisukari, madaktari na wauguzi wakifundishwa wawili wawili kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Anajua kwamba mguu wa matende huuma na kumshtua mwenyewe, lakini mguu wa kisukari unaweza kukanyaga msumari bila mtu kuhisi, na kwamba maji yaliyopimwa kwa mguu huo yanaweza kuunguza. Kwa hiyo hakukubali kuazima hata ukurasa mmoja kabla ya kuujaribu upya. Amewaomba wagonjwa wa kisukari waje kwanza kusimulia siku zao, na swali aliloandika juu kabisa ya daftari jipya ni hili: nyumbani kwako, nani ana macho mazuri ya kukuangalia nyayo?