Leta Mkono

Pale Soni, ambapo barabara itokayo Mombo hujipumzisha kidogo kabla ya kuendelea kuupanda mlima hadi Lushoto, palikuwa na fundi baiskeli asiyemuuzia mipira ya usukani mtu ambaye hajampa mkono. Si mkono wa salamu. Shikamoo ilikwisha kupita na marahaba yake. Mzee alitaka kiganja chenyewe, akigeuze juu, akibonyeze shinani mwa gumba, kisha upande wa kidole cha mwisho, huku akikuangalia aone utakunja uso wapi. Ndipo alipoinamia sanduku lake la mbao.

Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza, mbele yangu alisimama kijana mwenye baiskeli ya gia, zile zinazoingia nchini na mitumba.

"Babu, nataka gripu zile nyekundu."

"Rangi nitakuuliza mwisho, mjukuu wangu. Leta mkono kwanza."

Kijana akacheka, akautoa. Mzee akamfumbisha ngumi kwenye kipande cha bomba kilichovikwa mpira, akatazama ncha ya kidole cha kati inafika wapi. Ilikuwa imepita, inakigusa kiganja. "Huu mwembamba kwako. Utaushika kama mtu aliyeshika kuku wa kuchinja, kila kona unakaza. Ukifika Mombo vidole havifunguki." Akampa mwingine, mnene kidogo, laini, mweusi usio na mng'ao wowote. Safari hii ncha ya kidole ilikaribia tu, haikufika. Kijana aliondoka na mipira myeusi na uso wa mtu aliyenyimwa sikukuu.

Asiyeijua barabara ile ataona mzee alikuwa na makuu. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33, na takriban zote ni mteremko na kona, mwamba upande huu, bonde upande ule. Kupanda huumiza miguu, na kila mtu hulijua hilo kabla hajaanza. Kushuka huumiza mikono, na hilo hujulikana ukishafika chini, unapotaka kufungua kizibo cha soda na vidole vinakataa.

Mzee aliuliza swali moja tu: ganzi inakaa wapi? Ukimwambia kidole cha mwisho na cha pete, alitikisa kichwa. Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye vidole hivyo viwili hupita shinani mwa kiganja, katika kijia chembamba kati ya vifupa viwili, na mwendesha baiskeli hukikandamiza kutwa nzima kwa uzito wa kifua chake. Félix Guyon, daktari wa upasuaji wa Ufaransa, alikieleza kijia hicho mwaka 1861, na vitabu vya tiba vingali vikikiita kwa jina lake. Mzee wa Soni hakuwa na habari za Guyon. Alikuwa na gumba lake. Mtu wa namna hiyo alimpa mpira uliopanuka upande wa nje, kiganja kipate pa kulala, uzito usiangukie mahali pamoja.

Lakini ukisema ganzi iko kwenye gumba, cha shahada na cha kati, hakugusa sanduku. Alikwenda kwenye mikono ya breki, akalegeza nati, akaizungusha mpaka kifundo cha mkono kinyooke badala ya kukunjika kama shingo ya bata. Mara nyingine tatizo alilikuta kwenye siti iliyoinamisha pua, inakusukuma mbele hadi mikono igeuke miguu. Au tairi imejazwa upepo ikawa jiwe. Alipunguza upepo kidogo, akainua pua ya siti, akasema: "Rudi Jumamosi. Ikiuma bado, ndipo nitakuuzia." Nimewahi kumwona akiwarudisha wateja watatu asubuhi moja, mfuko wake mtupu.

Kuivalisha mipira kulikuwa shughuli nyingine. Ule wa zamani aliuinua kwa spoku, akadondosha spiriti ndani, ukatoka kama soksi. Bomba alilifuta hadi likalia. Mpya aliuingiza kwa spiriti hiyohiyo, akauacha ukauke kabla hujaruhusiwa kuondoka. Sabuni aliikataa kabisa, kwa sababu sabuni, alisema, hukumbuka mvua. Mwisho wa usukani ulipokosa kizibo alichonga gunzi la mahindi akalishindilia humo, maana bomba lililo wazi humkata tumbo anayeanguka.

Mimi nilimwelewa upesi kwa sababu ya baba.

Baba alikuwa na baiskeli ya Phoenix, na kazi yake ilikuwa katika mashamba ya katani upande wa Korogwe. Plastiki ngumu iliyokuja na baiskeli ilipasuka kwa jua, akaitupa. Alikata tyubu kuukuu ukanda mrefu wa upana wa vidole viwili, akauzungusha kuanzia nje kuja ndani, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake, akiuvuta kwa meno. Juu yake akaviringisha ukanda wa kanga ya mama iliyokwisha kuchakaa, kwa ajili ya jasho, akafunga ncha zote kwa uzi wa katani uliopakwa nta. Kitambaa kilibadilishwa kikiota uchafu. Mpira ulibaki miaka.

Nilikalishwa kwenye bomba la fremu, mikono yangu ndani ya mikono yake, na mbele ya macho yangu palikuwa na kile kitambaa. Jina la kanga lilikuwa limekatwakatwa na kuviringishwa, hata zikabaki herufi chache upande wa kulia: WEM. Nimesoma herufi hizo tatu kwenda shule na kurudi, mvua na kiangazi, bila kujua kama ni wema au wembe. Nilipomuuliza mama alisema kanga zake ni nyingi, atakumbuka ipi? Baba alisema tazama njia. Mpaka leo nikishika kitu cha pamba kilicholowa jasho, herufi zile hunijia kabla ya sura ya baba.

Hii michezo ya baiskeli milimani, wanavyosimulia wenyewe, ilipata umbo lake California miaka ya 1970, vijana wakishuka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu za matairi manene, breki zikichemka hadi grisi iungue. Sawa. Lakini materemko ya Usambara yalikuwa yakishukwa kabla ya hapo, na watu wenye kabichi nyuma, wala hakuna aliyeuita mchezo.

Siwalaumu waliotengeneza vitu vipya. Mipira ya siku hizi inayofungwa kwa skrubu haizunguki mkononi, na hata mzee aliisifu. Kinachonikera ni jinsi inavyouzwa. Inaning'inia kwenye vifuko vya plastiki, imepangwa kwa rangi. Mingine ina mitaro ya vidole, na sijui ni vidole vya nani. Ya sponji hunywa jasho wiki mbili kisha hupukutika. Bomba la usukani, mahali pa kushikia, lina milimita 22.2 katika karibu baiskeli zote za mlima, liwe la binti mwenye vidole kama njiti au la mpasua mbao wa Bumbuli. Mpira ndio pekee uliobaki wa kuujali mkono wako, nao unaokotwa kama pipi.

Mwaka jana nilipita Soni. Pale mzee alipokuwa akifanyia kazi pana meza ya chaja na vocha. Binti aliyekaa hapo alinipa shikamoo nzuri, akaniambia babu hafanyi tena kazi, mikono inamtetemeka. Sanduku? Hajui.

Basi nilinunua mipira Tanga mjini. Muuzaji hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Rangi gani, mzee?"

Sikujibu. Kumbe kiganja changu kilikuwa tayari juu ya kaunta, kimefunguka, kinasubiri kubonyezwa. Akakitazama, akafungua droo, akaniwekea chenji.